Jengo Lililopanda Daraja

Watu wa mtaani walimwita Mama Vipimo, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwembamba, na futi ya chuma haikumbanduka kiunoni. Kazi yake ilikuwa kukagua majengo. Aliingia kwenye nyumba za watu na maofisi, akapima kuta, madirisha na paa, akasoma mita ya umeme, akaorodhesha kila mashine inayokula umeme huo, kisha akalipatia jengo herufi. A ilikuwa ya jengo linalotumia umeme kwa adabu na kutoa hewa ukaa kidogo. G ilikuwa ya jengo linalokunywa umeme kama mchanga unavyokunywa maji. Herufi ilibandikwa mlangoni, kila apitaye aione, na majengo yaliyoshika mkia yalitozwa tozo hadi yajirekebishe.

Kazi hiyo aliipenda kwa dhati, na alikuwa na sababu. Zamani yeye na mumewe walikuwa mafundi wa viyoyozi. Walijuana kwenye karakana moja, wakaoana, wakazunguka mji mzima wakitundika mashine kwenye kuta za watu. Mumewe alikufa kazini. Alikuwa akifunga kiyoyozi ukutani mwa benki, kiunzi kikaachia, akaanguka mbele ya mkewe aliyekuwa chini akimpandishia vifaa. Tangu hapo mama huyu akawa kila akishika bisibisi mikono inamtetemeka. Akaiacha karakana, akarudi darasani na watoto wanaolingana na binti yake, akasomea ukaguzi.

Darasani ndiko alikopata kuelewa kwamba umeme wa mji wao ulitoka kwenye kinu cha makaa ya mawe, na kwamba zile mashine walizokuwa wakizitundika zilipoza vyumba na kuunguza mbingu. Alipofika nyumbani alimwambia binti yake, "Kumbe ndani tulikuwa tunapoa, nje tunaiva. Na jiko tumelitundika wenyewe, mimi na baba yako." Binti akamuuliza kama anataka chai. Hakuitaka.

Mama mkwe wake alikuwa hai bado. Bibi huyo alikuwa dobi wa hospitali hadi alipostaafu, na vidole vyake vilibaki vimekunjamana kana kwamba ametoka kufua sasa hivi. Aliishi peke yake ghorofa ya juu kabisa ya jengo la zamani la kupangisha, chumba na sebule, madirisha yote yakitazama magharibi. Mama Vipimo alimwomba mara nyingi ahamie kwake.

"Hapana, mwanangu," bibi alimjibu. "Mimi na wewe tunapendana kwa sababu kuna mtaa mzima katikati yetu. Ukiuondoa huo mtaa tutaanza kuulizana nani kamaliza sukari."

Sebuleni kwa bibi kulikuwa na kiyoyozi alichofungiwa na mwanawe mwenyewe, kikubwa, chakavu, chenye kunguruma kama lori linalopanda mlima. Mama Vipimo alijua kinakula umeme kupita kiasi, akamwambia. Bibi alikitazama bila chuki wala mapenzi.

"Mashine hizi zilinichukulia mwanangu," akasema. "Basi angalau zinipoze."

Ng'ambo ya korido, mlango kwa mlango, alikaa mzee mmoja aliyekuwa fundi wa malori. Watu walimwita Spana. Hakuwa na mke, na watoto aliokuwa nao walikuwa nchi za watu na walimkumbuka pale simu zao zilipokuwa na salio la kuchezea. Spana na bibi waligombana kila siku iendayo kwa Mungu, ugomvi wao ukiwa ni juu ya redio: huyu akiifungulia sana, yule anagonga mlango, yule akiipunguza, huyu anauliza kama kuna msiba. Mama Vipimo alipopita, Spana alimwita mkwe.

"Mkwe wangu wa kuazima," alisema. "Wa kwangu sina, acha nijisaidie na wa jirani."

Sheria ya herufi ilipoanza kukazwa, jengo hilo likaangukia kwenye zamu ya Mama Vipimo. Alikwenda kwa mkuu wa idara kumweleza kwamba mama mkwe wake anaishi humo. Mkuu, mwanamume mnene aliyependa kuzungumza akiwa anatafuta kitu kingine kwenye droo, hakuinua hata kichwa. "Mji huu nani hana ndugu kwenye jengo fulani? Nenda kakague."

Akaenda. Alianzia chini, akapanda hadi juu ya paa. Paa lilikuwa zege tupu lililopakwa lami nyeusi ya kuzuia mvua, na kwa moto wake ulikuwa huwezi kuliwekea kiganja. Madirisha ya magharibi yalikuwa vioo visivyofunguka, isipokuwa kipande chembamba cha juu kilichofunguka kwa shida. Kila chumba kilikuwa na kiyoyozi kikuukuu kinachodondosha maji ukutani mpaka kuvu imeota. Aliingiza hesabu zake, na jengo likapata F.

Msimamizi wa jengo alimpokea ofisini chini ya ngazi. Alikuwa mtu mpole, shati limenyooshwa vizuri, sauti ya mtu anayezungumza na mgonjwa.

"Dada, F? Huku si kututukana?"

"Si tusi, kaka. Ni kama homa. Mimi nimepima tu."

"Na dawa yake?"

Mama Vipimo alimweleza taratibu. Paa liwekewe tabaka la kuzuia joto na lipakwe rangi nyeupe. Madirisha ya magharibi yajengewe vivuli. Viyoyozi vibadilishwe, viwekwe vile vipya visivyo na ulafi. "Ukianza na paa," alisema, "nusu ya kazi umeshaimaliza. Wakaazi wa juu wanakaa chini ya kikaango."

Msimamizi akaitikia kila neno kwa kichwa, akamshukuru, akamsindikiza hadi barabarani. Mama Vipimo akarudi kazini moyo mweupe. Aliona sasa mama mkwe atapata nyumba inayokalika.

Haukupita muda bibi akapiga simu. "Mwanangu, wamekuja kuchukua mashine."

"Wanaleta mpya, mama."

"Sijui. Mimi naona wamekuja na tofali na saruji. Mtu anayeleta mashine mpya huja na tofali?"

Mama Vipimo alitamani kuamini kwamba kuna maelezo. Siku alipoitwa kwenda kulipima jengo upya, aliyakuta. Viyoyozi vyote vya wapangaji vilikuwa vimeng'olewa, na matundu yake ukutani yamezibwa kwa tofali na kupigwa plasta. Taa za ngazi na korido zilikuwa mpya. Paa lilikuwa jeusi vilevile. Madirisha yalikuwa yaleyale.

"Nyaya za jengo ni za enzi za babu," msimamizi alimwambia kwa sauti ileile ya upole. "Viyoyozi vilikuwa vinatuletea hatari ya moto. Tumewalinda wapangaji. Na umeme umeshuka, dada, mita hiyo hapo, isome mwenyewe."

Akaisoma. Umeme ulikuwa umeshuka kweli. Alirudi ofisini akaziingiza namba kwenye kompyuta, na kompyuta, isiyojua jasho wala haya, ikalipatia jengo C. Kutoka F kwenda C, kwa tofali na saruji. Akaziingiza tena kana kwamba alikosea. C.

Akaenda kwa mkuu. "Wametoa viyoyozi tu. Hawakugusa paa. Watu wa juu wataungua. Joto la ndani linaingia wapi kwenye hesabu yetu?"

"Haliingii," mkuu alisema, safari hii akamtazama. "Sisi tunapima umeme na hewa ukaa, mama. Hatupimi jasho."

"Lakini shabaha ya kazi hii..."

"Shabaha ni kupunguza hewa ukaa. Imepungua au haikupungua?"

"Imepungua."

"Basi umejijibu." Akaifunga droo yake. "Usitafute makuu. Majengo yaliyopanda daraja mwaka huu yanahesabika kwa vidole, na hilo ni mojawapo. Tia saini."

Kalamu ilimwia nzito, lakini alitia saini. Alijiambia hakuna kosa lolote kwenye hesabu, na hakukuwa na kosa. Alijiambia ataandika ushauri wa pembeni kuhusu paa, akauandika, na ushauri huo ukaenda unakokwenda ushauri wote wa pembeni. Kibandiko cha C kikawekwa mlangoni pa jengo, msimamizi akapigwa picha akicheka nacho.

Bibi akaambiwa. "Kwa hiyo nyumba imefaulu mtihani," akasema. "Niliyefeli ni mimi."

Mama Vipimo akamnunulia feni ya kusimama. Feni ilifanya ilichoweza, ikizungusha joto chumbani kama mwiko unavyozungusha kitu kilichokwisha kuungua.

Kisha msimu wa joto ukaingia, na haukuwa kama misimu mingine. Redio ilianza kuonya mapema. Upepo ulikata. Mbwa walilala chini ya magari yaliyoegeshwa na hawakuamka hata kwa honi. Watu wenye viyoyozi waliviwasha asubuhi hadi asubuhi, kinu cha makaa kikafuka moshi bila kupumzika, na wasiokuwa navyo walijitafutia kivuli.

Jioni moja Mama Vipimo alitoka kazini akapitia kwa mama mkwe, mkobani akiwa na kamera ya joto, ile inayoonyesha baridi kwa buluu na moto kwa wekundu. Jua lilikuwa limekwisha kuondoka madirishani. Alimkuta bibi amekaa sakafuni, mgongo umeegemea mlango wa bafu, kitambaa cha maji kichwani, maneno yakimtoka polepole, yeye ambaye kwa kawaida alisema bila kuvuta pumzi.

"Mbona chini, mama?"

"Vigae vina huruma kuliko kiti."

Mama Vipimo akaielekeza kamera kwenye dari. Dari lote lilikuwa jekundu, kutoka pembe hadi pembe, na katikati lilikuwa jeupe, rangi ambayo kamera ile huitoa pale nyekundu inapokuwa haitoshi. Zege lilikuwa limekunywa jua kutwa nzima na sasa lilikuwa linaanza kulitapika ndani. Akaelewa, kama anavyoelewa fundi, kwamba chumba hicho kitaendelea kupanda joto hata giza likiingia, na kesho kitaanzia pale kilipoishia leo. Akaelekeza kamera kwenye ukuta wa korido. Mwekundu. Upande wa pili wa ukuta huo alikuwa akiishi Spana.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo hakuweza kulisahau. Hakusema alichokiona. Angesema dari hili litakuua, bibi angemuuliza nani alilipatia jengo hili alama nzuri. Basi akatafuta uongo mdogo.

"Mama, nisaidie. Mjukuu wako ana mitihani na mimi narudi jioni. Hali chochote akiwa peke yake. Njoo ukae naye hata wiki moja."

Bibi akakishusha kitambaa kichwani. "Mtihani gani huo wa kutaka bibi?"

"Njoo tu, mama."

Akaja. Alifunga kanga zake kwenye mfuko, akachukua dawa zake za presha, wakatoka. Koridoni walimkuta Spana amekaa kwenye kiti mlangoni pake, fulana imemganda mwilini, miguu ndani ya beseni la maji.

"Mkwe," akasema, "unaniibia jirani mchana kweupe. Sasa nitagombana na nani?"

"Gombana na redio yako," bibi akamjibu. "Na leo uifungue upendavyo, hakuna wa kukugongea."

"Haitakuwa na ladha."

Mama Vipimo alisimama pale na mkoba begani, kamera ndani yake bado ina uvuguvugu wa mkono. Aliona midomo ya mzee ilivyokauka. Aliona na miguu yake ilivyovimba ndani ya maji. Angeweza kusema twende wote, kwangu sebule ipo, utalala kwenye kochi. Yalikuwa maneno machache tu. Lakini kumchukua mzee asiye ndugu kungemlazimu aeleze kwa nini, na akimweleza huyu, kwa nini asiwaeleze wa mlango unaofuata, na yule mwenye watoto mapacha wa mwisho wa korido? Akachagua la funika kombe.

"Kunywa maji kwa wingi, baba," akamwambia.

"Nimo ndani yake," Spana akasema, akainua mguu mmoja kutoka kwenye beseni ili amwonyeshe. Bibi akacheka njia nzima ya ngazi.

Nyumbani kwa Mama Vipimo palikuwa chini, penye ukuta mnene na mti wa jirani uliotia kivuli dirishani. Bibi alipata nafuu upesi. Alirudi kwenye maneno yake, akaanza kumfundisha mjukuu jinsi ya kukunja shuka za hospitali, akalalamika juu ya chumvi. Kila mchana alimpigia Spana simu ili amtukane kidogo. Mara ya kwanza mzee alipokea, akamjibu tusi kwa tusi. Baadaye alipokea sauti ikiwa imelegea, akasema ana usingizi, atapiga mwenyewe. Kisha simu ikawa inaita mpaka inakata.

"Amekasirika," mjukuu alisema.

"Spana akikasirika hupokea," bibi akajibu, na alikuwa tayari anatafuta viatu.

Walikwenda wote wawili, mtu na mkwewe, katika jua la mchana lililowapiga utosini kama nyundo. Mlinzi wa jengo alipanda nao akiwa na funguo za akiba. Bibi aligonga, akaita, akasema, "Spana, nimekuja kupunguza redio." Ndani redio ilikuwa ikiongea. Mlinzi akafungua.

Hewa iliyotoka iliwarudisha nyuma kama mkono. Spana alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, kile kipande chembamba cha juu kimefunguliwa, na chini yake alikuwa ameweka meza ndogo, pengine ya kupandia ili apate upepo, kisha akakaa kupumzika. Beseni lilikuwa kando. Lilikuwa kavu. Hakuna aliyehitaji kumgusa ili ajue.

Bibi aliingia, akaizima redio, akamfunika mzee kwa shuka lake mwenyewe, akaikunja pembe ya shuka kama walivyokuwa wakifanya hospitalini. Hakulia. Akatoka akakaa kwenye ngazi, Mama Vipimo akakaa ngazi moja chini yake, na mlinzi akashuka kuita watu.

"Mjukuu wangu hana mtihani," bibi akasema.

"Hana, mama."

"Ulijua."

"Nilijua."

"Ile mashine yako ya picha ilikuonyesha."

"Ilinionyesha."

Bibi akatikisa kichwa polepole. "Ukanitoa mimi. Yeye ukamwambia anywe maji."

Mama Vipimo alitaka kusema juu ya hesabu, juu ya mkuu, juu ya ushauri wa pembeni, na kila alilotaka kulisema alilisikia jinsi litakavyosikika kwenye ngazi zile. Akainamisha kichwa. Bibi akanyanyuka akishika ukuta, akauondoa mkono upesi, maana ukuta ulikuwa unaunguza.

Kwenye ghorofa ile hakuumia Spana peke yake. Mama wa mapacha alipelekwa hospitali akiwa hajitambui, akapona, lakini baadaye alikuwa akisahau majina ya watu. Habari zilienea, na manispaa ikaitisha baraza la uchunguzi katika ukumbi wenye kiyoyozi kizuri. Msimamizi wa jengo alikuja na shati lake lililonyooshwa. Alisema marehemu alikuwa na moyo dhaifu, na daktari alithibitisha kwamba moyo ndio uliosimama. Alisema hakuna mpangaji aliyeleta malalamiko kwa utaratibu. Alisema jengo lina alama nzuri iliyotolewa na idara yenyewe. Mkuu wa idara akasema alama ilitolewa kwa kufuata mwongozo, na mwongozo hauna kasoro.

Mama Vipimo hakuitwa kusema. Aliinua mkono mwenyewe, na wakamruhusu kwa kusitasita. Alieleza paa, tofali, matundu yaliyozibwa. Alisema jengo halikupunguza umeme kwa kuwa bora, lilipunguza kwa kuwanyima watu pumzi, na kwamba hesabu yao haiwezi kutofautisha mambo hayo mawili. Akamaliza kwa kusema kwamba siku chache kabla ya kifo alipiga picha dari na ukuta wa jirani, akaona hatari, akamhamisha ndugu yake, na mzee yule akamwacha.

Mwenyekiti, mwanamke mwenye miwani mizito, akamuuliza, "Kwa hiyo ulijua kuna hatari kwa maisha ya watu, na hukutoa taarifa?"

"Ndiyo."

"Kuna mwingine yeyote humu aliyejua?"

Mama Vipimo akageuka, akamtazama mkuu wake, akamtazama msimamizi. Mmoja alikuwa akitafuta kitu mfukoni. Mwingine alimtazama kwa huruma ya kweli, na huruma hiyo ilimuuma kuliko kitu kingine chochote.

"Waulizeni," akasema.

Hawakujua, walisema wote wawili. Basi baraza likakata shauri kwa yule aliyejua. Mama Vipimo akanyang'anywa leseni ya ukaguzi kwa kosa la kunyamazia hatari. Mwongozo ukapelekwa kwenye kamati ili utazamwe, na kamati, kama zilivyo kamati, ikaanza kuutazama. Jengo likabaki na C yake.

Binti yake alikuja juu aliposikia. "Mama, wenzako wamekana na kazi wanazo. Wewe umesema ukweli umefukuzwa. Ni haki hiyo?"

"Waliposema mimi nilinyamaza walisema kweli," Mama Vipimo akamjibu. "Usinitetee kwa hilo. Nitetee kwa jingine ukilipata."

Bibi hakuendelea kukaa naye. Joto lilipopungua alirudi ghorofani kwake, ingawa alisihiwa na mjukuu. Alimpokea mkwewe kila alipokuja, akampa kiti, akamuuliza habari za mtoto na za mvua. Jina la Spana halikutajwa. Mazungumzo yao, yaliyokuwa zamani yakimiminika, sasa yalitoka tone kwa tone, na utani ulikuwa umekwisha kabisa. Siku moja tu, bila kuulizwa, bibi alisema, "Nilikuwa nakuombea sana, mwanangu. Sasa nikianza dua, nafika kwako nakwama." Akasema hivyo bila ukali. Mama Vipimo akaosha vikombe, akaaga, akaenda zake.

Alipata kibarua kwenye karakana ya majokofu. Mikono ilitetemeka miezi ya mwanzo, kisha ikazoea, kama kila kitu kinavyozoewa. Aliiomba ofisi ya msimamizi ufunguo wa paa, yeye na wapangaji wachache, walipake chokaa kwa mikono yao. Chokaa ni rahisi, na weupe wake hurudisha jua lilikotoka. Msimamizi akamjibu kwa upole kwamba paa ni mali ya mwenye jengo, na mtu akianguka huko, nani atabeba lawama? Alipotamka neno kuanguka, Mama Vipimo aligeuka akatoka. Hakurudi tena kuomba.

Chumba cha Spana kilikaa wazi kipindi cha mvua, kikapakwa rangi, kikapangishwa. Jumamosi moja, akitoka kwa mama mkwe, aliuona mlango uko wazi na ndani kuna watu wapya: kijana na mkewe, mke akiwa na mimba kubwa, wanasukuma kabati. Joto la mwaka mpya lilikuwa halijaanza lakini lilikuwa njiani. Alipita hadi kwenye ngazi. Akashuka kidogo. Akasimama, akapanda tena, akapiga hodi.

"Samahanini," akasema. "Mimi ni mkwe wa bibi wa hapo mbele. Nina neno, na si zuri."

Akawaeleza, akiwa amesimama, bila kuficha: dari, ukuta, mzee aliyekuwa akiishi hapo, jinsi alivyokufa, na nani aliyejua. Mume alikunja uso. Alikuwa amechoka, jasho linamtoka, na habari ile ilimjia kama kabati la pili.

"Mama, tumeshalipa," akasema. "Na hawakutuambia."

"Najua hawakuwaambia. Ndiyo maana nimekuja."

"Kwa hiyo unataka tuhame?"

"Mkiweza, hameni."

"Hatuwezi." Akarudi kwenye kabati lake, akalisukuma kwa bega, kwa hasira isiyokuwa na wa kumwangukia.

Mke hakusogea. Mkono mmoja ulikuwa tumboni. Alikuwa akiangalia dari, jeupe, limepakwa rangi juzi, halionyeshi chochote.

"Na tusipohama," akauliza, "tufanyeje?"

Mama Vipimo akavua viatu mlangoni. Akaingia, akaenda moja kwa moja hadi dirisha la magharibi, akalitazama juu hadi chini. Akamwambia zinatakiwa mbao nje ya kioo, nje si ndani, kwa sababu pazia la ndani hulipokea joto likiwa limeshaingia nyumbani. Na lile tundu lililozibwa kwa tofali likivunjwa hewa itapita, na kama msimamizi atauliza, waseme wameambiwa na yeye. Akaivuta futi, akampa yule mke ncha aishikilie pembeni mwa fremu. Kelele za kabati zilikuwa zimekoma. Mlango wa ng'ambo ulifunguka, bibi akachungulia, akawaona, akarudisha mlango nusu, akauacha hapo.

"Shika vizuri, mwanangu," Mama Vipimo akasema. "Usiiachie mpaka nikuambie."